Masta ya kukusaidia kufundisha walioingia chuo na D nne: pa kuanzia kama upo Mbeya, Iringa au Njombe

Kama unafundisha chuo cha kati huku kwetu nyanda za juu, iwe kilimo, afya, uhasibu au ualimu, hii unaijua. Wanaingia wapya, wiki ya nne unawapa tesiti ya kwanza, unasahihisha usiku umejifunika blanketi mana baridi ya Uyole haina adabu, asubuhi ofisini kila mtu anaongea kitu kimoja, mwaka huu tumeletewa vilaza. Na mimi hilo neno nimelisema miaka minne mfululizo, sijivunii ila ndo ukweli. Nilikuwa na digrii nzuri tu ya somo langu, ila sikuwahi kufundishwa hata wiki moja namna ya kumfundisha mtu mzima ambaye msingi wake wa sekondari una matundu.

Baadae nikarudi shule. Sasa tangu nimerudi kazini walimu wenzangu wananipigia, ticha ile masta yako inaitwaje, iko wapi, na mimi nikaisome. Najibu hapa mara moja ili nisirudie kila siku.

Kwanza jina. Ukitafuta kwenye orodha za vyuo vyetu shahada yenye jina la "kufundisha wanafunzi waliofika chuo bila maandalizi" utamaliza bando bure. Marekani hiyo ni fani kamili kabisa, Texas State University wamekuwa wakitoa masta mpaka udaktari, Grambling State kule Louisiana nao wamekuwa na udaktari wake. Huku kwetu unaijenga mwenyewe ndani ya masta ya elimu ya kawaida, kwa kozi unazochagua na kwa utafiti unaoufanya. Inawezekana, na kwa mtu wa Mbeya naona ina faida zaidi, sababu nitaisema mbele.

Hatua ya kwanza: usijaze fomu yoyote, kaa na darasa lako semista moja

Najua umekuja kutafuta majina ya vyuo, yanakuja. Ila ukiingia masta huna swali lako utapewa swali la mtu mwingine, utatoka na disateshini ya "mambo yanayoathiri" sijui nini, majedwali kibao, na darasani kwako hakuna kinachobadilika.

Anza na matokeo yao ya kidato cha nne. Usiangalie divisheni, angalia somo moja moja. Sifa ya kuingia astashahada ni ufaulu wa masomo manne bila kuhesabu ya dini, yaani D nne zinatosha, na D ya NECTA ni alama 30 mpaka 44. Fikiria hapo, mtu amefaulu kihalali kabisa na zaidi ya nusu ya lile somo haijui, na hesabu anaweza akawa na F akaingia vizuri tu kama kozi yenyewe haikuitaja. Tena hesabu kidato cha nne kwa miaka hii ya karibuni wanaofaulu nchi nzima hawafiki hata theluthi moja. Kwaiyo ukikuta nusu ya darasa lako wana F ya hesabu usidhani umepewa darasa la laana, hilo ndo darasa la kawaida la Tanzania.

Alafu wape karatasi ya maswali matano, isiyo na maksi, na uwaambie kabisa haina maksi. Mimi nilikuwa nafundisha kilimo, swali langu moja lilikuwa hivi: lebo ya dawa ya ukungu wa viazi inasema gramu 50 kwa lita 20 za maji, bomba lako ni la lita 16, utaweka gramu ngapi? Jumatatu nikawapa kwa Kiingereza. Alhamisi nikawapa lile lile kwa Kiswahili, nimebadilisha namba tu.

Hapo ndo nilipoona aibu yangu. Kwa Kiingereza waliopata walikuwa wachache wa kuhesabu kwa vidole, kwa Kiswahili zaidi ya nusu ya darasa wakapata. Kuna binti mmoja wa Makete, nyumbani kwao wanauza viazi, huyo ukimpa bei ya lumbesa na nauli ya fuso anakutajia faida kabla hujatoa simu mfukoni, na kwenye tesiti yangu ya kwanza alipata 11 kwa 100. Ni kilaza huyo? Nilikuwa nampima Kiingereza na kumwandikia maksi za hesabu.

Ila usikimbilie kusema shida yote ni lugha, hapa wengi wanakosea. Kuna waliokosa kwa Kiswahili pia, hao uwiano wenyewe haujakaa kichwani, wengine hata kugawa kwa desimali ni mtihani. Na kuna kundi la tatu ambalo karatasi zote mbili hawakuwepo, ukifatilia mmoja ada imekwama, mwingine amepanga mbali huko Isyesye anatembea kwa mguu, mwingine ameenda kuvuna mpunga Kyela apate hela ya chakula. Makundi matatu, dawa tatu tofauti, na chuo kinawapa wote dawa moja inayoitwa sapu, yaani mtihani wa marudio.

Andika hayo kwenye daftari. Hilo daftari ndo propozo yako, hujui tu.

Hatua ya pili: jua wenzetu walishajaribu nini, hasa kilichofeli

Usisubiri mpaka usajiliwe, hivi vitu vinasomeka kwenye simu.

Wamarekani zamani walikuwa wanafanya hivi, ukifeli mtihani wa kupimwa unapoingia chuo unarudishwa kwenye madarasa ya msingi, la kwanza, la pili, la tatu, ndo uanze kozi yenyewe inayohesabika kwenye cheti chako. Inaonekana ni akili sana, hata mimi nilishawahi kupendekeza kwenye kikao tufanye hivyo. Mwaka 2010 watafiti wa kituo cha vyuo vya jamii pale Columbia, New York, wakatoa hesabu yao, wanaomaliza ule mlolongo wote hawafiki nusu. Na wengi walioishia njiani hawakufeli popote, walifaulu la kwanza au hawakuanza kabisa, basi hawakurudi tena. Kila mlango unaouongeza kuna watu wanaishia mlangoni. Wewe uliyeona watu wanavyopotea kati ya semista ya kwanza na ya pili hapa hapa Mbeya huhitaji kuelezwa zaidi.

Ndo mana wengi wakahamia mtindo mwingine, mwanafunzi anaingia kozi ya kawaida na wenzake siku ya kwanza, ila ana kipindi cha ziada pembeni semista hiyo hiyo, ikiwezekana na mwalimu yule yule. Chuo cha jamii cha Baltimore County kilianza hivyo kwenye somo la uandishi mwaka 2007 na vyuo vingi vikaiga.

Kuna na SI (Supplemental Instruction, yaani vipindi vya nyongeza), hii naipenda kuliko zote mana haina gharama kubwa. Ilianzia Chuo Kikuu cha Missouri-Kansas City mwaka 1973. Ujanja wake ni kwamba hawalengi wanafunzi dhaifu, wanalenga kozi ngumu. Kozi ambayo kila mwaka inaua watu wanaiwekea mwanafunzi wa mwaka wa juu aliyeifaulu vizuri, anakaa tena darasani anasikiliza upya kama mwanafunzi, alafu kwa wiki anaendesha vipindi kadhaa vya kujadili, anayetaka anakuja, hakuna kulazimishwa. Haruhusiwi kufundisha upya wala kugawa madesa, kazi yake ni kuwafanya wao wazungumze, namna ya kusoma kurasa, namna ya kuandaa noti, swali la mtihani linaulizwaje. Kwa vile iko wazi kwa kila mtu, hakuna anayeonekana kilaza kwa kwenda. Nilijaribu mtindo wa kuita majina, "wafuatao wabaki kwa remidio", walibaki wanne na mmoja alikuwa anasubiri mvua iishe.

Afrika Kusini nao usiwaruke, mana hali yao inatuhusu zaidi ya Marekani. Wao tangu miaka ya 1980 walikuwa na vitengo vya kuwasaidia waliotoka shule zilizoachwa nyuma na ubaguzi, baadae wakaweka programu zilizorefushwa, digrii ya miaka mitatu unaisoma minne lakini ule mwaka umechanganywa ndani, haujawekwa mbele kama kizuizi. Na Chuo Kikuu cha Nelson Mandela ndo kimekuwa makao ya SI kwa nchi yao, kwaiyo mifano ya Kiafrika ipo.

Hatua ya tatu: chagua njia, na uwe mkweli kuhusu kwanini unasoma

Kama huna ualimu kabisa, yaani wewe ni mhasibu, nesi, bwana shamba au injinia uliyeingia kufundisha kwa sababu kazi ndo iliyopatikana, usirukie masta. Chukua stashahada ya uzamili ya elimu, PGDE, ni kama mwaka mmoja. Chuo Kikuu Huria wanayo, wana vituo Mbeya na Iringa, unasoma huku unaendelea na kazi. Kama uko vyuo vya ufundi stadi, chuo cha walimu wa ufundi Morogoro ndo nyumbani kwenu, ulizia pale kwanza.

Kama ualimu unao, nenda masta ya elimu. Kwa sisi wa huku jina la kwanza linalokuja ni Mkwawa pale Iringa, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, ndo ile ile iliyokuwa Mkwawa High School. Kuna Chuo Kikuu cha Iringa, kuna Huria tena, kuna UDSM yenyewe na Dodoma kama uko tayari kuhama. Siwezi kukuambia kipi bora. Programu za uzamili zinafunguka na kufungwa, angalia kwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mwaka unaoaplai uone iliyoidhinishwa, alafu fungua orodha ya kozi zake uone vitu vinne: saikolojia ya ujifunzaji wa watu wazima, upimaji na tathmini, lugha ya kufundishia, na mitaala ya elimu ya juu. Ikiwa na vitatu kati ya hivyo inatosha. Ikiwa imejaa uongozi na utawala wa elimu tupu, hiyo ni ya kutafuta ukuu wa chuo, sio mbaya, ila sio hii tunayoongelea.

Sifa ya kuingia, vyuo vingi vinaangalia GPA kuanzia 2.7 ya digrii ya kwanza. Na hapa nimwambie ukweli mtu mmoja mmoja, kama lengo lako ni kuhamia chuo kikuu uwe mhadhiri msaidizi, yale matangazo ya ajira yanataka 3.8 ya digrii ya kwanza na 4.0 ya masta, zote mbili. Masta haiwezi kuosha GPA ya zamani. Nimeona watu wameuza kiwanja Mbalizi wakasoma, wakamaliza, ndo wanasoma tangazo kwa mara ya kwanza.

Nje ya nchi? Fulbright ya Marekani inachukua Watanzania, Commonwealth ya Uingereza wana ufadhili wa masta kwa masafa, unasoma ukiwa hapa hapa Soweto ya Mbeya. Kwa njia ya masafa hakikisha kwanza TCU wataitambua hiyo tuzo, waulize kabla ya kulipa chochote, sio baada. Na kumbuka nilichosema juu, faida ya kusoma hapa. Ukienda Texas utajifunza kuhusu wanafunzi wa Texas, wanaofundishwa kwa lugha ambayo wengi wao wamezaliwa nayo. Ukisoma Iringa unaweza panda basi Ijumaa, Jumatatu uko na darasa lako unajaribu kitu.

Wamarekani wenyewe walianzisha kozi fupi iliyoelewa hilo, Kellogg Institute pale Appalachian State, North Carolina, ilianza 1980 (ndio, pesa za mwanzo za kile kituo zilitoka mfuko wa Kellogg yule yule wa konifleksi). Ulikuwa unakaa nao wakati wa kiangazi, alafu unarudi kwenye chuo chako kufanya mradi. Mimi hiyo sehemu ya pili ndo niliyoiiga.

Hatua ya nne: ruhusa na hela

Omba ruhusa kwa maandishi mapema, kabla barua ya udahili haijatoka. Ukiandika useme chuo kitapata nini, mfano "kupunguza idadi ya wanaorudia modyuli ya hesabu", mana mkuu wa chuo anaulizwa kuhusu ufaulu kila mwaka na hiyo sentensi inamgusa. Usiandike "kujiendeleza kielimu", kila mtu anaandika hivyo. Ukipewa ruhusa yenye malipo soma mkataba, miaka mingapi unatakiwa utumikie ukirudi. Nakala za vyeti zithibitishe nyingi kwa mpigo, utazihitaji, kila ofisi inataka zake.

Hatua ya tano: kozi zikianza, kila asainmenti ielekeze kwenye darasa lako

Usiandike insha hewa. Ukifundishwa Vygotsky, yule mwanasaikolojia Mrusi, na lile eneo la kati ya anachoweza peke yake na anachoweza akisaidiwa, chukua lile swali la bomba la lita 16 uandike ni msaada gani ungeuweka na ungeuondoa lini. Ukifika kwenye lugha msome Jim Cummins, mtafiti wa lugha na elimu, yeye anatofautisha Kiingereza cha kupiga stori na Kiingereza cha kitabuni. Kwa watoto wahamiaji kule Canada, cha stori walikipata kwa kama miaka miwili, cha kitabuni kikawachukua mitano mpaka saba. Sasa rudi kwetu, mtoto kasoma msingi kwa Kiswahili, kaingia shule ya kata miaka minne ambayo mwalimu anaandika ubaoni Kiingereza na kueleza Kiswahili, na Kiingereza cha stori hakisikii popote, sio sokoni Mwanjelwa, sio nyumbani. Alafu mwaka wa tano unampa kitabu cha kurasa 400.

Kutokana na hilo nilianza kitu kidogo, kila wiki maneno kumi ya somo, Kiingereza kwa Kiswahili, wanayatunga maana wao wenyewe kwa Kiswahili kwanza kisha tunasoma pamoja ukurasa mmoja tu wa kitabu. Ukurasa mmoja. Wenzangu walicheka, mtihani ukaja wa Kiingereza kama kawaida na hawakucheka tena.

Hatua ya sita: utafiti

Fanya utafiti wa vitendo, unapanga, unajaribu, unaangalia, unarekebisha, unajaribu tena, mizunguko miwili inatosha kwa masta. Watakuambia hauna uzito kama dodoso la watu 200, wewe shikilia.

Vitu viwili tu vya kuangalia kwa makini. Moja ni maadili. Wanafunzi wako hawawezi kukukatalia, wewe ndo mwenye maksi. Kwaiyo mbali na kibali cha utafiti na idhini ya mkuu wako wa chuo, mtafute mwalimu wa idara nyingine akusanye fomu za ridhaa, azifungie kwake, na wewe usijue nani kakubali nani kakataa mpaka matokeo ya semista yametoka. Inaonekana usumbufu ila kwenye utetezi wa tisisi hili swali litaulizwa.

La pili ni kuhesabu vizuri. Watu wanaripoti waliofaulu kati ya waliofanya mtihani, hapo unaficha wale walioondoka. Hesabu walioanza wiki ya kwanza, waliofika kwenye mtihani, waliofaulu, na waliofaulu modyuli inayofuata ambayo wewe hufundishi. Hiyo ya mwisho ndo inauma. Mzunguko wangu wa kwanza ufaulu ulipanda nikafurahi, modyuli iliyofuata wakaanguka vile vile, kumbe nilikuwa nimewarahisishia mtihani bila kujijua. Mzunguko wa pili nikamwomba mwenzangu atunge mtihani.

Supavaiza mtafute ambaye amewahi kufundisha chuo cha kati au sekondari, hata kama sio profesa. Wakubwa sana wana wanafunzi wengi na safari nyingi, utapanda basi toka Mbeya mpaka Iringa, saa tano sita na ukungu wa Makambako, ukifika unaambiwa yuko Dar.

Hatua ya saba: ukirudi, omba darasa la chini

Kawaida mwenye masta mpya anapandishwa madarasa ya juu, NTA ngazi ya 6 (stashahada), wanafunzi waliokwishachujwa, na wale wapya wa ngazi ya 4 (astashahada) anapewa kijana wa mkataba aliyemaliza chuo juzi. Wewe andika barua uombe ngazi ya 4, modyuli ile ile inayoua watu. Mkuu wa idara atashangaa, atadhani una ugomvi na mtu. Barua nusu ukurasa inatosha, ombea na saa mbili kwenye ratiba kwa vipindi vya SI na chumba kisicho na kelele za jenereta, na uambatanishe ile karatasi ya maswali matano, zote mbili, ya Jumatatu na ya Alhamisi.